Kaseti Namba Moja

Katika kazi yangu ya ulinzi niliongoza kitengo cha watu sita pale Mwanza. Tulitengeneza maikrofoni za kutumbukiza ziwani, ili tujue ni mtumbwi gani unapita hata kukiwa na ukungu. Fedha za kununua mitambo ya nje hazikuwapo, kwa hiyo za kwetu tulizifunga kwa nta na mpira wa baiskeli. Wakubwa kutoka makao makuu walipoziona walicheka mpaka wakajifuta machozi.

Miaka ile ya soko huria viwanda vya minofu vilikuwa vimefunguliwa, sangara amekuwa dhahabu, na kila mwenye mtumbwi anatafuta injini. Sisi tuliambiwa tunatafuta silaha zinazovushwa kutoka kwenye vita vya majirani. Niliamini. Sasa naona niliamini haraka mno.

Kila injini ina mlio wake, lakini lazima uwe na wa kulinganishia. Nilimwomba shemeji yangu, mume wa dada, mvuvi wa Kigongo. Injini yake iliwahi kugonga mwamba, ikawa inaruka mdundo mmoja. Nilimdanganya kwamba ni vifaa vya uokoaji. Alizunguka ghubani asubuhi nzima, akakataa hata mafuta niliyomletea. Kabla sijaitumbukiza maikrofoni, aliiinamia akaisemea: "Shemeji, nasikika huko? Nikizama uje unitoe!" Kaseti ile niliiandika namba moja, na ndiyo niliyowafundishia askari wangu, maana ilikuwa safi kuliko zote.

Mwaka uliofuata, siku ya ukungu, wale wakubwa walisimama nyuma yetu kutazama majaribio. Askari mmoja akavua spika za masikioni, akanipa.

"Afande, namba moja hii."

Nikasikiliza. Mdundo, mdundo, pengo. Ningeweza kusema amekosea, nani angenibishia? Lakini mpira wangu wa baiskeli ulikuwa umefanya kazi mbele ya watu walioucheka, na nilifurahi. Sitaficha hilo, nilifurahi.

"Ndiyo," nikasema. "Namba moja."

Boti ya doria ikatoka kuufuata mlio ule. Walimwamuru shemeji asimame, hakusimama, wakapiga risasi. Mtumbwini walikuta sangara tu, aliokuwa akiwapeleka ng'ambo kwenye bei nzuri. Mimi nilipandishwa cheo.

Matangani dada alitaka kujua ni nani aliyemchongea, kwa sababu katika ukungu ule hakuna jicho ambalo lingemwona. Akaamua ni jirani yao, mvuvi mwenzake. "Kikulacho ki nguoni mwako, kaka," aliniambia, na hadi leo hamsalimii jirani yule. Nilimwacha aamini hivyo.

Juzi alikuja kwangu Buhongwa. Picha ya mumewe anayo, alisema, ila sauti imeanza kumtoka kichwani.

"Wewe ulikuwa mtu wa mitambo, kaka. Hukuwahi kumrekodi, hata neno moja?"

Kaseti iko kabatini, chumba cha pili. Ina maneno sita ya mumewe, halafu injini mpaka mwisho. Nilimwambia sikuwahi. Alimaliza chai yake, akanishukuru kwa yote niliyomtendea, akaenda zake.