Kapasita ya Volti Ishirini na Tano

Mwanangu, hadi leo damu hunichemka nikiikumbuka asubuhi ile pale Majengo, Mama Yustina alipoingia gereji yetu akiwa amemshika mumewe, Tadei, ambaye mkono wake ulikuwa umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko.

Tadei alikuwa dereva wa lori. Bosi wetu, Kalisti, alikuwa amemfungia konveta, kifaa cha kushusha umeme wa lori kutoka volti ishirini na nne hadi kumi na mbili ili redio ifanye kazi. Pale umeme unapoingilia hukaa kapasita, kikopo kidogo cha kuutuliza. Kalisti aliweka inayostahimili volti ishirini na tano tu. Nilimwambia haitoshi, injini ikiwaka chaji inafika ishirini na nane, na umeme ukiruka ghafla unapita hapo kwa mbali. Akanicheka.

"Betri ishirini na nne, hii ishirini na tano. Unataka nini tena? Nenda kafunge taa za lile basi."

Tadei akiwa safarini, karibu na Nakapanya, kapasita ilipasuka, nyaya zikashika moto miguuni mwa Tadei. Alisimamisha lori, akazing'oa kwa mkono mtupu.

"Nani alifunga hiki?" Mama Yustina aliuliza, akaitua mezani konveta iliyoungua.

"Pole sana, dada. Ni bahati mbaya."

"Bahati mbaya ndiyo iliyoshika bisibisi?"

Kalisti akamgeukia Tadei, eti labda aliimwagia maji. Majeruhi yule! Nikashindwa kuvumilia. Nikawasha lori lililokuwa uani, nikapima chaji mbele ya wote: ishirini na nane. Kalisti akanifukuza kazi palepale. Radhi hakuomba. Vidole viwili vya Tadei havikukunjika tena, akaacha udereva. Na kapasita za volti sitini na tatu zilikuwepo, mwanangu, kwenye rafu ileile!

Basi nisikilize. Unapochagua kapasita ya pale umeme unapoingilia, usitazame betri peke yake. Pima injini ikinguruma. Kwenye lori weka ya volti sitini na tatu, inayostahimili joto la nyuzi mia na tano, maana chini ya dashibodi kuna joto kali, na iweze kubeba mkondo unaopanda na kushuka bila yenyewe kuchemka. Ukiamriwa uweke dhaifu, kataa, kisha mwambie mwenye gari. Usiishie kwa bosi.

Mungu akupe mikono mizuri na mdomo usiomwogopa mtu. Watakaopita gerejini kwako wafike makwao salama.