Nakala ya Kumi

Mumewe ndiye aliyembandika jina la Mama Nakala, na halikubanduka. Mwanamke yule hatulii hata akiwa ameketi. Kila akiandika mistari mitatu ya programu, kidole kinakimbilia kitufe cha kuhifadhi, utadhani kuna mwizi dirishani. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: umeme uliwahi kukatika ukaondoka na kazi yake ya siku nzima. Basi akaiagiza kompyuta ijihifadhie yenyewe, nakala moja kila dakika tano, ibaki na kumi za mwisho na kuitupa iliyo kongwe.

Siku hiyo, saa nane mchana, matroni wa hospitali alikuwa aje kuiona programu yake ya kupanga zamu za wauguzi. Wiki sita za jasho. Matroni akiridhika, ajira ni yake. Saa saba Mama Nakala alikimbilia kwa fundi cherehani kuchukua gauni, akarudi roho juu.

Akakuta mama mkwe ameshamsaidia. Amepangusa vumbi mezani, kisha akaweka rundo la taulo zilizokunjwa juu ya kibodi. Taulo zilikuwa zimekalia kitufe cha kufuta.

Skrini ilikuwa nyeupe. Akazifungua nakala mbio mbio: ya kwanza tupu, ya pili tupu, ya sita robo ya kazi, ya tisa nusu. Ya kumi tu, ile kongwe, ndiyo nzima. Kompyuta ilikuwa imeyahifadhi maangamizi yote kwa uaminifu. Na pembeni iliandika: nakala ijayo baada ya sekunde ishirini.

"Mbona unatetemeka, mwanangu? Umekula?"

"Mama, subiri!"

Akapiga magoti, akachomoa waya ukutani. Yeye, aliyeogopa umeme kukatika kuliko kifo, kaukata kwa mkono wake! Baadaye mwenzake wa kazi alimuuliza kwa nini hakuinakili tu kwingine. Akajibu kwamba mikono haikumuuliza.

Akawasha tena, akazima kwanza ule uhifadhi wa kujiendesha. Ya kumi ilikuwepo, nzima. Machozi yakamtoka.

"Nimekuharibia kitu?" Sauti ya mama mkwe ilikuwa imeshuka.

Mama Nakala alizitazama zile taulo, jinsi pembe zake zilivyolinganishwa moja moja.

"Hapana, mama. Waya tu ulikuwa umelegea."