Siku Tulizomkunjia Mwenzetu Mashuka

Sina hakika kama mimi ndiye wa kuyaandika haya. Niliishia darasa la saba, Tanga, na kila ninachoandika kwenye daftari hili huwa nakisoma kesho yake nikaona nimejipendelea. Safari hii nitajitahidi nisijipendelee, wala nisimwonee mtu.

Kazi yangu ni kukunja mashuka. Kiwanda chetu kipo Houston, Marekani, mabasi mawili kutoka Gulfton ninapokaa, na tunafua mashuka, taulo na foronya za hospitali. Mezani tulikuwa watano: mimi, wanawake wawili wa Honduras tunaoelewana nao kwa mikono zaidi kuliko maneno, mwenzangu mmoja wa Mombasa ambaye ulimi wake haujui likizo, na mama mmoja wa Bukavu, Kongo, aliyetupita wote kwa umri. Huyu tulimwita Mama tu.

Mama alikuwa mzito. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Goti lake moja lilikuwa bovu, na kila shuka alilikung'uta kwanza, akalitazama mbele na nyuma, ndipo akalikunja. Sisi tukimaliza matatu yeye ana moja. Lakini katika kukung'uta kule aliwahi kuangusha mezani meno ya bandia, mkasi wa daktari, na siku moja sindano. Sisi wenye mbio hatukuwahi kukuta kitu. Sijui tulipitisha vingapi.

Basi msimamizi akatutangazia kwamba atakuja mshauri kutoka kampuni moja ya Dallas, atazame kazi inavyokwenda na kusema itengenezwe vipi. Tukamngoja Mzungu mwenye tai. Akaja dada wa Kikenya, mkazi wa Plano, jirani na Dallas, amevaa raba, kishikwambi mkononi. Alipotusikia tunaongea akasimama.

“Wacha! Kumbe niko nyumbani.”

“Nyumbani kwenu kuna joto la mashine hivi?” akauliza yule wa Mombasa. “Karibu, basi. Vua koti kabla hujaiva.”

Akacheka, akalivua kweli. Kuanzia hapo kwetu alikuwa mgeni, na nadhani ndipo tulipoanza kukosea.

Wakati wa chakula nikamuuliza kama anajua kufua.

“Hata! Juzi nimefua blauzi nyeupe, imetoka ya waridi.”

“Sasa utatufundisha nini?”

Hakukasirika. Akasema kabla ya hapa alikuwa kwenye kiwanda cha kuku, kabla ya kuku ghala la vipuri kule Fort Worth, kabla ya vipuri kliniki ya macho Richardson. “Sikujua kuku, sikujua vipuri, sikujua macho. Lakini kila pahali kuna kitu kinaingia, kinasubiri, halafu kinatoka. Mimi natafuta pale kinasubiri. Nikipata, napelekea mwenzangu wa Dallas, yeye ni mchumi, anapiga hesabu kungoja huko kunakula nini. Ni hayo tu.”

Maneno yale yaliniingia. Jioni kituoni nikawa nawaza: basi linaingia, mimi nasubiri. Nikampigia mdogo wangu simu, naye alikuwa anasubiri karatasi zake za uhamiaji. Nikaona nusu ya maisha yangu hapa ni kungoja, na yupo mtu anayelipwa kulitafuta jambo hilo. Sikujua nimwonee wivu au nimheshimu.

Siku tatu alisimama kando ya meza yetu akihesabu. Hakuna aliyetuita tukapanga. Lakini mgeni akija humwonyeshi chumba kichafu, na mwenzako akiwa na ila humwachi aumbuke mbele ya mgeni. Tukakunja kama tunakimbizwa. Tukaacha hadithi zetu. Na rundo la Mama likipanda kidogo tu, yule wa Mombasa anachota upande mmoja, mimi nachota mwingine, wa Honduras nao wakaelewa bila kuambiwa. Kila dada wa Plano alipoinua macho, mbele ya Mama palikuwa peupe.

Siku ya tatu akaja kutuaga mezani, uso umemnawiri.

“Jameni, hii meza ni kali. Nimeona nyingi, lakini nyinyi! Ukweli, hata mkiwa wanne mnatosha. Ndivyo nitaandika.”

Alisema kwa kutusifu. Nataka hilo lieleweke. Sisi tukaangaliana, kisha wote, hata wale wa Honduras ambao hawakuelewa neno, tukaangalia chini. Katika watano, wa kuondolewa alijulikana. Mama naye aliendelea kukung'uta shuka lake kama hajasikia.

Nilimfuata mshauri hadi kwenye maegesho. Njiani nilishajiambia nirudi: mimi nani, yeye kasoma. Nikamwambia.

“Dada, hesabu yako si ya kweli. Tulikuwa tunakimbia. Kila siku hatuendi vile, tungekufa. Na kazi ya yule mama tulikuwa tunaifanya sisi.”

“Mlikuwa mnamfichia?”

“Ndiyo. Ni mzito. Lakini yeye ndiye anayekuta vitu.” Nikamweleza meno, mkasi, sindano. Halafu, kwa kuwa nilishaanza kusema kweli, nikaona si haki kuchagua ya upande mmoja. Nikamwambia pia kwamba asubuhi huwa tunakaa karibu saa nzima tukipiga soga, kwa sababu mashuka makavu hayajafika, na kwamba siku zile tatu tulilijaza pengo hilo kwa kukunja upya taulo zilizokwisha kukunjwa.

Akaegemea gari lake. “Kwa nini hamkuniambia?”

“Ulikuwa mgeni.”

“Mimi si mgeni, mimi niko kazini! Kule kwa ghala watu walikuwa wanatembea kama wako kwa mazishi wakiniona, ndio niseme waongezwe wengine. Hiyo nimezoea. Nyinyi ndio wa kwanza kunidanganya kwa kukimbia.” Akatikisa kichwa. “Na mimi nikaingia mzima mzima, juu ya vile mlikuwa mnaniita dada.”

Nilidhani atakwenda zake Plano, maana safari ni ndefu. Alirudi juma lililofuata. Safari hii alianzia nyuma, malori yanakoteremsha mashuka machafu, na mezani kwetu alifika mwisho. Yule wa Mombasa alikwishajua habari yangu.

“Dada mshauri,” akaniambia, “na wewe tukutafutie kishikwambi? Saa yetu ya soga umeipeleka Dallas.”

Na ni kweli, ilikwenda. Mshauri alikuta kwamba malori yote yalikuja kwa wakati mmoja, kwa hiyo mashine zilizidiwa na sisi tukangoja. Yakapangiwa saa tofauti. Sasa mashuka yanafika tangu tunapoingia, na hatuna tena asubuhi yetu. Meza ikabaki na watu wanne. Wa tano hakufukuzwa. Mshauri aliandika kwamba vitu vilivyosahaulika vinapaswa kukamatwa kabla ya kufuliwa, na kwamba mtu wa kufanya hivyo tayari yupo. Mama akahamishiwa kwenye kuchambua mashuka machafu, mshahara ule ule, na akapewa kiti kirefu kwa ajili ya goti.

Ningeweza kuishia hapo nikajisifu. Lakini upande ule mchafu unanuka, na huko unavaa aproni ya plastiki inayokushikisha joto, na unaona damu. Juma la kwanza sikwenda kumtazama. Nilijiambia nina kazi nyingi.

Nilipokwenda, nilimkuta amekaa juu ya kiti chake, shuka mkononi, analigeuza taratibu kama zamani.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba.” Hakuniangalia. “Ni weye ulimuambia niko polepole?”

“Ni mimi.”

“Ni kweli, niko polepole.” Akakunjua pembe ya shuka, akapapasa pindo. “Ila mbona haukuniuliza mbele ya kusema? Siku tatu munanitosha kazi mikononi, munaifanya ninyi, haukuniuliza. Ukaenda kusema, haukuniuliza. Miye niko na kinywa.”

Nilikuwa nimemweleza mshauri, nimeiuliza dhamiri yangu, nimewapima wote kwa haki. Yeye peke yake, ambaye jambo lilikuwa lake, sikumwuliza.

“Nisamehe, Mama.”

Akainua mikono yote miwili; glavu zilikuwa zimemzidi, ncha za vidole zinaning'inia.

“Hizi ni za wanaume. Kuna kadogo?”

“Nikakutafutie?”

“Sasa umeuliza,” akasema. “Enda.”