Mama, magoti yake na kufuli la sukari: yaliyotukuta Garissa miaka ya tisini

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio na wazazi hai na mliobaki na kuwaombea dua tu.

Mimi hapa ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Lakini juzi kuna mwenzetu ameuliza dawa gani ya haraka ya magoti itamfaa mama yake mwenye sukari, na nikaona majibu yanamiminika: mpe hii, mpe ile, wangu alitumia akapona. Nikashindwa kunyamaza.

Ninayosimulia sijayapamba. Ninayemzungumzia ndiye aliyenizaa, na nilishamsingizia mara moja. Mara ya pili sithubutu.

Nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini Garissa. Nilikuwa nimeoa karibuni, tunakaa mtaa wa Galbet, watatu tu: mimi, mke wangu Sahara, na mama yangu, ambaye sisi Wasomali tunamwita Hooyo.

Hooyo alizaliwa upande wa Hadado, kule Wajir. Ujana wake wote aliutembea. Namaanisha kutembea kweli, nyuma ya ngamia, kisima hadi kisima, na mzigo mgongoni. Baba alipofariki nikamleta mjini apumzike. Alipumzika wiki moja. Ya pili akaanza kuuza maziwa ya ngamia sokoni.

Wafanyakazi waliotoka mikoa mingine walimpenda sana. Aliwaongelesha Kiswahili bila aibu, kile chake cha "bole bole" na "fitu fidogo", na akikuona umekonda anakuongezea kikombe bure.

Sukari tuliigundua kwa kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Yeye alidai alijua kabla ya daktari, maana sisimizi walikuwa wanajikusanya pale alipojisaidia.

"Wao ndio walionipima kwanza," aliniambia, akacheka hadi akakohoa.

Sasa, kwa wasiotujua: chai ya Kisomali bila sukari ni kama harusi bila bibi harusi. Hooyo alikuwa anaijaza sukari mpaka kijiko kinasimama. Siku daktari alipomkataza, alirudi nyumbani, akampa Sahara kopo lake la sukari na kusema, "Hii ni ya wageni sasa." Basi. Tangu siku ile chai yake ikawa maziwa, tangawizi na iliki. Alikunja uso, akaimeza.

Miezi ikapita vizuri. Kliniki walikuwa wanampima kwa kile kikaratasi cha mkojo kinachobadilika rangi, na kila tukienda rangi inaridhisha. Kidonda kikafunga. Daktari wake, mama mmoja mtu mzima kutoka Taita, akawa anamwita "mwanafunzi wangu bora".

Halafu zikaja mvua zile kubwa za mwisho wa tisini na saba. Waliokuwa Garissa wanazikumbuka. Maji kila mahali, barabara zimekatika, kila kitu ndani ya nyumba kina unyevu.

Magoti ya Hooyo yalikuwa yanamsumbua tangu zamani, lakini mvua zile ziliyamaliza. Yalivimba yakawa kama maboga. Sokoni akaacha kwenda.

Siku moja alasiri nilimkuta kwenye mkeka wa kuswalia. Alikuwa amesujudu na hawezi kuinuka. Hakuniita. Alikuwa anajaribu peke yake, anasukuma kwa mikono, anarudi chini, anasukuma tena. Nilipomshika mabega nikaona mkeka umelowa machozi.

Wakuu, mama yangu sikuwahi kumwona akilia kwa maumivu ya mwili.

Nikatoka mbio hadi duka moja la dawa karibu na soko. Siku hizi halipo. Nikamweleza mwenye duka: mama, mzee, magoti. Hakuuliza swali hata moja. Akachota kwenye makopo mawili, kapsuli za rangi mbili na vidonge vyeupe vidogo sana, akavifunga kwenye kipande cha gazeti. Moja moja asubuhi, moja moja jioni.

Siku ya tatu Hooyo alisimama mwenyewe. Wiki haijaisha amerudi sokoni.

Dua alizoniombea siku zile, kama zingekuwa mvua, Wajir yote ingekuwa msitu. Alikuwa anawaambia wateja wake, "Mtoto yangu amenunua mimi magoti mbya," yaani mapya. Nami natembea kifua mbele. Kila vikikaribia kuisha, naenda kumchukulia vingine.

Akaanza kunawiri. Uso ukajaa, mashavu yakawa ya mviringo. Majirani wakamsifu Sahara kwamba anamtunza mama mkwe vizuri. Hamu ya kula ikarudi, tena kubwa kuliko kawaida.

Lakini kiu nayo ikaanza. Jagi zima la maji kabla ya adhuhuri. Choo kila mara. Akaanza kulalamika kwamba macho yana ukungu, sura za wateja hazioni sawasawa.

Kliniki kikaratasi kikageuka rangi ya chungwa. Daktari akamtazama.

"Mama, umerudia chai ya sukari?"

"Hapana, daktari."

Akaongezewa dawa. Tuliporudi tena, bado. Akaongezewa tena, na safari hii daktari akaniambia mimi pembeni kwamba ikiendelea hivi tutahamia kwenye sindano, na kwamba nichunguze vizuri nyumbani, maana wazee wengi hudanganya kuhusu chakula.

Nikachunguza. Na hapa ndipo aibu yangu ilipo.

Nilirudi kutoka kazini mchana mmoja nikakuta kikombe kando ya mkeka wa Hooyo. Nikakionja. Chai tamu. Sikuuliza kilikuwa cha nani. Baadaye nilikuja kujua kwamba jirani alipita kumsalimia, akanywa nusu, akaitwa kwao haraka. Mimi nilishapandwa na hasira za mtu mwenye woga.

"Hooyo, unataka kufa? Unataka kukatwa mguu?"

Akasema, "Si yangu, Abdi. Wallahi."

Nikachukua kopo la sukari, nikaliweka kwenye sanduku la chuma, nikatia kufuli. Mbele yake. Ufunguo nikatia mfukoni.

Alinitazama, akasema kwa utulivu kabisa:

"Nimechunga ngamia wa watu miaka na miaka. Nina njaa, nina kiu, na sijawahi kukamua wa mtu bila ruhusa yake. Leo nimezeeka, naiba sukari nyumbani kwa mwanangu?"

Nilijiona niko sahihi. Daktari alisema, kikaratasi kilisema, kikombe kilisema.

Tangu siku hiyo Hooyo akaacha kunywa chai nyumbani kwangu. Hata ile chungu. Maji tu. Nikimsalimia anaitikia, nikimuuliza ananijibu, lakini ile mizaha yake ikakauka.

Sahara alivumilia kama wiki mbili, kisha akanikalisha chini.

"Mama hasemi uongo," alisema. "Mimi nashinda naye, wewe huwapo. Anachokula nakipika mimi. Kama sukari inapanda, tafuta kingine kinachoipandisha. Yeye mwache."

Nikamwambia yeye si daktari. Akaniambia wewe pia si daktari, na kesho tunakwenda kliniki wote watatu.

Tukaenda. Na siku hiyo, kabla ya kuandika chochote, yule daktari alimtazama Hooyo usoni kwa muda. Yale mashavu. Akamshika shavu, akamgeuza huku na huku. Akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza, na sisi hatukuwahi kulisema kwa sababu hatukudhani ni neno.

"Mama, kuna dawa nyingine unakunywa? Ya kitu chochote?"

"Ya sukari," Hooyo akajibu. "Na fidonge ya magoti."

Akafungua fundo kwenye pembe ya shuka lake, akatoa kile kipande cha gazeti, akakiweka mezani. Daktari akakifungua, akavimwaga kwenye karatasi, akavisogeza kwa ncha ya kalamu.

"Hizi nani alikuandikia?"

Mimi ndiye niliyepaswa kusema. Nikaviangalia vile vidonge.

Hooyo akasema kabla yangu. "Usigombeze yeye, daktari. Mtoto hii anabenda mimi sana. Aliona mimi nalia, akakimbia. Hajui."

Yule niliyemfungia sukari ndiye aliyenitetea.

Daktari hakunigombeza. Alitueleza taratibu. Kile kidonge cheupe kidogo kinatuliza uvimbe haraka kweli, lakini kinapandisha sukari, na ndicho kilichojaza uso. Ile kapsuli nayo inachosha figo, na mwenye sukari figo zake hazitaki kuchoshwa. Mimi na yeye daktari tulikuwa tunavutana: yeye anaishusha sukari kwa dawa zake, mimi naipandisha kwa dawa zangu, na uwanja wa vita ni mwili wa mama.

Nikasema basi tuvitupe leo hii.

"Hapana!" alisema kwa sauti hadi nikashtuka. Kapsuli aliiondoa palepale. Lakini kile kidogo, akasema, mwili wake umeshakizoea, ukikikata ghafla unaweza kumuua. Kitapunguzwa kidogo kidogo kwa majuma, na dawa za sukari nazo atazipunguza sambamba, ili sukari isije ikaporomoka. Akatuandikia karatasi, siku kwa siku. Damu ikapimwa. Figo zilikuwa zimeanza kulemewa, lakini alhamdulillahi hazijaharibika.

Tulipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwenye sanduku, nikafungua kufuli. Nilikuwa na maneno kichwani, nimeyapanga njia nzima. Nikageuka, hayakutoka.

Hooyo akanitazama nimesimama na kufuli mkononi. Akasema, "Hilo usilitupe. Kafungie mdomo wako."

Sahara alicheka mpaka akakaa chini. Hooyo akaomba chai.

Msidhani mambo yakawa rahisi. Kidonge kilivyopungua, magoti yalirudi na hasira zake zote. Yalikuwa majuma mabaya. Daktari alimruhusu paracetamol kwa kipimo na saa zake, si kila akisikia uchungu. Mengine yalikuwa kazi ya mikono. Maji ya moto kwenye kitambaa, juu ya magoti, na mimi niyapime kwanza kwa kiwiko changu, kwa sababu mwenye sukari anaweza kuungua asijue. Kila baada ya alasiri, nikitoka ofisini, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Na kunyoosha mguu. Akae, ainue mguu unyooke, ashikilie, ashushe. Mara kumi kila upande.

Hooyo hakutaka kuhesabu kwa namba. Alihesabu kwa majina ya ngamia wake wa Hadado waliokufa na ukame. Adey, Dero, Gududo... Shida ni kwamba kila ngamia alikuwa na habari zake. Akifika kwa Dero lazima anieleze vile alivyokuwa anakataa kukamuliwa na mtu mwingine. Mara kumi zinachukua saa nzima. Nami sikumharakisha hata siku moja. Vile nilivyomjua mama yangu, wakuu, nusu nzima niliijua katika saa zile.

Kuswali akiwa amekaa alikataa kabisa. "Nikae kwenye kiti mbele ya Mola wangu kama DC?" Ikabidi Sahara amlete mke wa imamu aje amweleze kwamba mgonjwa ana ruhusa. Akakubali, kwa sharti kiti kiwe kifupi, kisiwe cha kujivuna. Nikamtengenezea kigoda kwa fundi.

Ukungu wa macho ukaondoka. Uso ukarudi wake. Kikaratasi kikaridhisha tena, na daktari akarudia kumwita mwanafunzi wake bora. Sokoni alirudi, si kwa kutembea tena. Alipelekwa kwa mkokoteni wa punda asubuhi, anauza amekaa. Maumivu hayakuisha. Yalipungua yakawa ya kuvumilika, na yeye alisema yaliyobaki anayafahamu, hayamtishi.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Aliwabeba watoto wangu wanne.

Niliyojifunza mimi ni haya, na mimi si daktari. Dawa ya maumivu ni dawa. Iwe ya dukani, iwe ya kuazimwa kwa jirani, mwenye sukari lazima amwambie anayemtibu. Ukimpeleka mzazi kliniki, beba kila anachomeza. Na kama alishaanza vidonge asivyovijua, usivikate mwenyewe kwa hofu baada ya kusoma uzi huu. Mpeleke.

Lingine ni hili. Neno "nisamehe" lilinichukua karibu mwaka mzima. Nilikuwa kila siku namkanda magoti, nikajiambia mikono yangu inasema kwa niaba yangu. Mpaka asubuhi moja ya Ijumaa, nikiwa nimeshika mguu wake, nikalitoa. Nikasema, Hooyo, nilikuita mwongo nawe hukuwa mwongo. Nisamehe.

Akanishika kichwa kama vile bado ni mdogo.

"Nilisamehe palepale kwa daktari," akasema. "Wewe ndiye umechelewa kufika."

Wakuu, nimemaliza. Wenye wazazi wanaopambana na magoti na sukari kwa pamoja, niambieni mnawasaidiaje. Na kama kuna aliyewahi kumshuku mzazi wake bure, aandike pia. Nitasoma kila jibu.