Nyamunyamu wa Profesa

Miaka ile ya vita, mshahara ulikuwa hadithi. Kituo chetu cha utafiti wa ziwa, hapa Uvira, kilibaki na mizani moja na sisi watatu wakaidi. Kila asubuhi mitumbwi ikirudi nilipima samaki na kuandika kwenye daftari, kaye kama tunavyoliita hapa. Mizinga ikilia upande wa Sange, nilipima haraka haraka. Mume wangu alinitania: "Weye uko unalisha kaye samaki, siye tunakula majani ya sombe tupu."

Kutokana na madaftari hayo niliandika makala yangu ya kwanza, na jarida moja la Ulaya likaikubali. Kisha likanitumia bei ya kuichapisha. Nilidhani wananiuzia jarida zima. Nikawaandikia kwamba kwetu kuna vita, hatulipwi. Wakajibu kwa adabu kwamba msamaha huombwa kwa barua ya kituo yenye muhuri. Muhuri wetu ulikuwa umeporwa pamoja na viti.

Ndipo profesa mmoja, bingwa wa maji aliyewahi kututembelea, akajitolea kulipa. Sharti lake: nimpe madaftari yote, aiandike makala upya, jina lake litangulie, langu lifuate. Mwenye nguvu mpishe, nikampisha.

Makala ilipotoka, jina langu halikufuata. Nililikuta ukurasa wa mwisho, kwa herufi za sisimizi, kati ya walioshukuriwa: mimi, dereva na mpishi. Nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote, na mpaka leo sijatubu.

Halafu nikaisoma yote, na nikacheka peke yangu. Kwenye jedwali lake, mukeke na nyamunyamu walikuwa samaki wa aina mbili, tena wanaogombea chakula. Huku kwetu hata mtoto anajua kwamba nyamunyamu ni mukeke ambaye hajakua. Mimi niliandika kama wavuvi wanavyosema, naye hakuona haja ya kuniuliza.

Mwaka uliofuata aliniandikia. Alikuwa anatayarisha kitabu kizima juu ya ugomvi wa samaki hao wawili, akaomba nihakikishe majina. Safari hii, alisema, jina langu litakuwa kwenye jalada, chini ya lake.

Mume wangu alisema, "Mama, umuambie ukweli."

Nikakaa mezani, nikamwandikia kwamba nimesoma kila ukurasa, majina yote yako sawa. Ila langu, tafadhali, aliondoe.