Rinda la Kupigia Simu Nyumbani

Ijumaa, jua la Jeddah limeshachachamaa, na Natia Lomidze amechuchumaa pembeni mwa chumba kimoja cha Kandara, mtaa wa mji huo, kamera mkononi. Mbele yake Selipher Nekesa, aliyetoka kazini sasa hivi, anavua aproni na kuvaa rinda la manjano. Si lake peke yake. Wanawake wanne wa chumba hiki, Wakenya wanaofanya usafi majumbani, hulivaa kwa zamu wanapowapigia watoto simu ya video.

"Fridah akiniona na aproni atalala akilia," Selipher anasema. "Wacha ajue mama ako sawa."

Natia, mwenye miaka thelathini na mmoja, ni mtengeneza filamu chipukizi kutoka Georgia, nchi ya milima kando ya Bahari Nyeusi. Tangu mwaka jana, 2018, anaishi Riyadh, akirekodi harusi kwenye kumbi za wanawake, ambako mpiga picha wa kiume haruhusiwi. Akipata nafasi huja Jeddah. Wenzake humwambia anatwanga maji kwenye kinu, kwani filamu ya mayaya nani ataitazama? Yeye hana habari nao.

Ukaidi huo una mzizi. Alipokuwa na miaka tisa, mama yake alikwenda Ugiriki kutunza wazee wa watu. "Kwenye simu kila kitu kilikuwa shwari," anasimulia. "Nilikuwa mtu mzima nilipojua alikuwa akilala jikoni."

Filamu yake iko karibu kumalizika, na tamasha moja la filamu la Ulaya linafunga mlango wa kupokea kazi Jumapili. Lakini ikionyeshwa, siri ya rinda itafika Bungoma, nyumbani kwa Selipher. Natia amekataa kuituma mpaka Selipher amwambie mwanawe kwa kinywa chake.

Selipher anashika simu, anaiweka. Analivua rinda na kufunga tena aproni. Natia anazima kamera. Ni picha ambayo mwingine angeipigania, naye anaiacha ipite. Uungwana wa namna hiyo ni adimu.

Fridah, darasa la sita, anamsikiliza mama yake hadi mwisho.

"Mama, tulijua kitambo," anasema. "Mamake Hannah pia huvaa hiyo rinda akimpigia. Tulinyamaza tu ndio usisikie vibaya."

Selipher anacheka huku machozi yakimtiririka.

Jumapili itapita bila filamu kutumwa. Natia anapanga kwenda Bungoma mwakani na kamera yake.

"Nimerekodi akina mama wanavyowaficha watoto ukweli," anasema. "Bado watoto wanaowaficha mama zao. Hata mimi nilikuwa namwambia mama kwamba silii."