Bunduki ya Misumari na Chumba cha Mama Mkwe

Bunduki ya misumari ya kwanza kuingia karakana yetu, pale karibu na Dagoretti Corner, niliichagua mimi, na niliichagua kwa majivuno. Nasema hivyo mapema ili mtu asinihurumie.

Ilikuwa miaka ya sabini. Bosi wangu, Kalasinga mmoja mwenye kilemba na sauti ya kuamsha mtaa, alikuwa na kompresa ya petroli tuliyoitumia kupulizia vanishi kwenye makabati. Siku moja akasikia kwamba hewa ile ile inaweza kupiga misumari. Akanituma mjini. "Wewe ndiye utaishika," akaniambia, "basi wewe ndiye uchague." Mimi, mtoto wa magharibi ya Kenya niliyekuja Nairobi kubeba mbao kichwani, leo natumwa kuchagua mashine! Nilivaa shati la kanisani.

Duka la hadiwea lilikuwa nyuma ya River Road. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kihindi aliyevaa miwani kwenye paji la uso, sijui alionea nini. Akanitolea kwanza bunduki ndogo ya pini nyembamba, ya kubandikia urembo wa makabati. Nikamwambia sisi tunapiga fremu, hatushoni vitambaa. Akacheka, akaweka juu ya kaunta bunduki mbili kubwa, sawasawa kwa sura kama mapacha.

"Hii moja," akasema, "wewe bonyeza, inatoa msumari moja. Taka ingine, lazima kidole iachilie kwanza. Hii ingine, kidole iko tu kwa triga, kila mahali mdomo inagusa, inapiga. Haraka sana. Lakini haina adabu."

Akanipa nijaribu kwenye sanduku bovu. Ile ya kwanza ilipiga, ikangoja, ikapiga, ikangoja. Nikaona inanichelewesha. Ile ya pili, lo! Nilibana triga nikaigongesha kwenye mbao, ta-ta-ta-ta, na wateja waliokuja kununua kufuli na rangi wakasimama kunitazama. Kichwa kikavimba.

"Fundi, chukua hii inangoja," mzee akasema.

"Mzee, mimi ni fundi, si mwanafunzi."

Akashusha miwani, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Haya. Basi kidole yako iwe na adabu."

Karakana nzima ilinishangilia. Kazi ya asubuhi nzima tulikuwa tunaimaliza kabla ya chai. Nyundo yangu ikaanza kushika kutu na mimi nikaanza kutembea kifua mbele, nikiwaita wenzangu "watu wa zamani." Nilikuwa mtu wa kuchosha kweli kweli.

Ndipo habari ikaja kutoka nyumbani kwamba mama mkwe haoni vizuri. Jicho moja lilikuwa limeingia ukungu na la pili lilikuwa linafuata. Mke wangu akahangaika mpaka akapata daktari wa macho hapa mjini, tukaambiwa mama aje aonwe Jumatatu, na huenda akahitaji kurudi kliniki kwa wiki kadhaa. Mke wangu alifurahi akalia. Mimi nilifurahi pia, halafu nikakitazama chumba chetu. Atalala wapi?

Lazima nieleze. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Hamshikani mikono, hamli pamoja, hamkai chumba kimoja; ukimwona anakuja njiani, unaacha njia unaingia shambani. Wala si chuki. Ndiyo heshima yenyewe. Ukiwa na neno lake unamwambia mtu mwingine amwambie, hata kama yeye yuko pale pale anasikia kila kitu. Na sisi tulikuwa na chumba kimoja cha mbao na mabati huko Kawangware, kitanda na jiko vinatazamana. Mama mkwe kulala mle ilikuwa haiwezekani, hata kwa dawa.

Mwenye ploti tuliyopanga akanikubalia niongeze chumba nyuma, chenye mlango wake unaotazama ua, ili mama asihesabiwe amelala kwangu. Bosi akaniazima bunduki na kompresa mwisho wa juma, tukazivuta kwa mkokoteni. Nikamwambia mke wangu, "Jumamosi jioni mama yako ana chumba." Nilisema hivyo mbele ya majirani.

Mama alifika Ijumaa. Akalala kwa jirani yetu, mama mmoja wa kwetu, lakini jirani naye alikuwa anangoja wageni Jumamosi, kwa hiyo chumba changu kilikuwa ndicho tegemeo. Jumamosi mchana mke wangu na jirani walikwenda sokoni. Mama mkwe akabaki nyumbani kwa jirani, upande wa pili wa ukuta, amekaa kwenye mkeka anachambua maharagwe kwa vidole. Alijua niko huku, nami nilijua yuko kule, na kila mtu alijikalia upande wake kwa adabu zote.

Jua lilikuwa kali. Nikavua shati. Nikabaki na kaptula kuukuu yenye matundu mahali pasipofaa. Nani angeniona? Kompresa inanguruma, mimi nashona mbao, ta-ta-ta, ukuta unapanda huku naangalia. Mkono wa kushoto umeshika ubao kwenye nguzo, wa kulia una bunduki, kidole kimeganda kwenye triga kwa sababu sikuwa na muda wa kukitoa. Ubao ukateleza. Nikaukimbilia kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia nao ukaja, na mdomo wa bunduki ukagusa.

Ta.

Sikusikia maumivu kwanza. Niliona tu kwamba mkono wangu hautoki. Msumari ulikuwa umepita kwenye nyama kati ya kidole gumba na cha pili, ukaingia ubao, ukaingia nguzo. Hewa ilikuwa imepungua, kwa hiyo kichwa cha msumari kilibaki nje kidogo. Bunduki ikaniponyoka. Halafu maumivu yakafika, na nikapiga yowe ambalo sikujua ninalo.

Nyundo ilikuwa kule kando ya mkokoteni, nilikoitupa. Nilinyoosha mguu nikashindwa. Nikavuta mkono, macho yakaingia giza. Nikaita jirani wa mbele, kompresa ikameza sauti yangu. Na hapo, badala ya kuita tena, nikanyamaza. Nilikumbuka nani yuko nyuma ya ukuta. Haki ya Mungu, niliuma mdomo nikaomba asinisikie.

Alisikia. Nilimwona akitokea kwenye kona, mkono mmoja ukipapasa mabati. Akasimama, akageuza uso upande, jinsi inavyotakiwa.

"Jamani," akasema kwa sauti, "kuna mtu hapa? Mwambieni mwenye nyumba aseme ameumia wapi."

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mimi na yeye na kuku wa jirani.

"Mwambieni mama arudi akae," nikajibu. "Mwambieni si kitu."

"Mwambieni nasikia harufu ya damu."

Ilikuwa kweli, ilikuwa inadondoka kwenye bati. Nikajaribu kuuvuta mkono tena, na kila nilipovuta ulichanika zaidi. Mwisho nikashindwa. Nikasema, "Mwambieni mama nyundo iko karibu na gurudumu la mkokoteni."

Akaipata kwa kupapasa. Akaja. Na kwa vile hakuniona ila kama kivuli, ilibidi anitafute kwa mkono. Mkono wake ukafika kwanza tumboni kwangu, tumbo tupu, lina jasho. Akaguna kama mtu aliyeungua, akautoa. Akaurudisha. Ukapanda kifuani, ukafika begani, ukafuata mkono wangu mpaka kwenye msumari. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa chini ya kidevu changu. Nilitazama juu, nikafumba macho, nikatamani ardhi ipasuke initie ndani na bunduki yangu. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke, na nilikuwa nalia.

"Mwambieni asitikisike," akasema, mdomo wake ukiwa karibu na kwapa langu.

Akapachika kucha za nyundo, akanibana mkono kwa kiganja chake, akavuta. Mara ya kwanza ilikataa. Mara ya pili ikatoka, na damu ikamrukia kifuani. Nikakaa chini kama gunia. Akafungua kitambaa cha kichwa, akanifunga mkono kwa kukaza, akasimama mbele yangu kichwa wazi, mvi zote nje. Sikuwahi kuona nywele zake, na sikustahili kuziona. Halafu akageuka akaondoka huku akigongana na mbao zangu.

Mke wangu alirudi akanikuta nimezima kompresa, nimevaa shati, nimekaa. Akaniuliza kulikoni. Nikamwambia amuulize mama yake.

Mama hakuwa na maneno mengi. Nilisikia yote kupitia ukuta. "Nimemshika mkwe kifua," akasema. "Damu yake iko kwenye nguo yangu. Ugali wa hapa nitaumezaje? Nirudishe kwa baba yako, wazee watengeneze jambo hili, halafu nitakuja."

"Mama, daktari ni Jumatatu!"

"Nitakuja."

Jirani akajaribu naye: hapa ni Nairobi, mama, watu wanabanana kila siku, nani atajua? Mama akamjibu, "Mimi nitajua. Na yeye atajua." Sikuweza hata kumlaumu. Nilikuwa najua tayari.

Usiku huo mama alilala amebanana na wageni wa jirani. Jumapili asubuhi mke wangu akampeleka mjini kupanda basi la magharibi. Mimi nilijificha chooni mpaka walipopita. Nilisikia fimbo yake ikigonga njia, na mke wangu akimwambia angalia shimo, angalia jiwe. Ile kazi ya ukuta nilikuja kuimaliza baadaye kwa nyundo, kwa mkono mmoja, polepole, mke wangu akitazama. Akaniuliza jambo moja tu: "Kwani nyundo ilikuwa na kosa gani?" Ningemwambia kwamba nilitaka wateja wa duka la watu wanitazame?

Wazee walitengeneza. Nilipeleka mbuzi, akachinjwa, ikasemwa yameisha. Lakini mama hakuja. Kwanza palikuwa na kupanda, halafu palizi, halafu baba mkwe akaanza kuugua na hakuna mwingine wa kumwangalia. Kila barua ilisema "baada ya mavuno." Walipompeleka hospitali ya misheni karibu na kwao, jicho la pili nalo lilikuwa limezimika, na daktari akasema wamechelewa. Mke wangu alinisomea habari hiyo bila kunitazama. Nilimwambia nasikitika, akaitikia "ndiyo." Wacha nikuambie, hiyo "ndiyo" ilinikaa mwilini kuliko msumari.

Tulikwenda kumzika baba mkwe. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, uso ameuinua kidogo kama wafanyavyo wasioona. Kila aliyekuja kumpa pole alimpa mkono, naye aliushika mkono huo kwa muda, akiusoma nani ni nani. Mimi nilisimama mbali, kwenye ua wa migomba, mahali panaponifaa.

Mke wangu akavuka uwanja akanijia.

"Mama anauliza," akasema, "mkono wako ulipona?"

"Mwambie ulipona."

Hakuondoka. Alisimama pale akiningoja, ana macho mekundu ya kulia. Nilijua anangoja nini. Alitaka nimtume neno, niulize na mimi habari ya macho ya mama. Neno nilikuwa nalo.

Nikamuuliza kama chakula cha wageni kitatosha.